Lifti Ipande Peke Yake

Chande, vua kwanza hiyo pete.
Na kandambili zako zirudishe kwenu Mtoni.
Najua jua la Februari linapasua bati hapa Keko,
lakini utavaa buti, aproni, na glovu hizi pana
zinazovuka kwa mtikiso mmoja,
kwa sababu baridi ikishaingia ndani ya glovu
hutapata muda wa kufungua vifungo.

Hawa weusi wenye mabega meupe ni oksijeni.
Wodi ya watoto Temeke inawangoja.
Koki ikiwa ngumu, iache na ugumu wake, niite.
Fundi mmoja wa Gerezani aliipaka mafuta ya cherehani,
«ilainike kidogo, mama.»
Nyusi zake hazijaota mpaka leo.

Huyu wa rangi ya damu ya mzee ni asetilini.
Usimlaze. Akilala huamka na ghadhabu.
Kati yake na wale weusi pawe na ukuta,
wala usijaribu kuwapatanisha.

Mwaka wa ile mvua kubwa, bajaji ilibeba mtungi bila kofia.
Pale Buguruni tairi likaingia shimoni,
shingo ikakatika, mtungi ukaenda zake
(sijui niseme uliruka au ulitukana),
ukatoboa ukuta wa banda la chipsi,
ukatokea upande wa pili, ukajilaza kwenye gunia la viazi.
Hakufa mtu. Muuza chipsi alihamia Kigamboni,
na hadi leo ukifungua soda mbele yake, anainama.

Ndipo nikaandika mlangoni, kwa rangi iliyobaki ya geti:

    Mtungi usimamishe, mnyororo kiunoni,
    Kofia uikazishe, usiuburure chini,
    Grisi usiigusishe, na koki ya oksijeni,
    Gesi haina huruma, ila kwa mwenye makini.

Madereva wanaucheka ushairi wangu.
Wanausoma, lakini.

Sasa njoo huku. Punguza sauti, si kwa adabu,
ni kwamba hapa ndipo mimi hupunguza.
Humu mna naitrojeni ya maji,
hasi mia moja tisini na sita,
na lita moja ikichemka huwa hewa ya lita mia saba.
Ukiliziba pipa mdomo umetengeneza bomu, ukaliita chupa.
Liache lihemee.
Ule mvuke mweupe unaoukodolea macho
ni unyevu wetu tu wa Dar, umeshtuka.
Unaoua huuoni, hunusi chochote.

Pazi alifunga madirisha. Kulikuwa na mbu.
Kosa lake lote lilikuwa hilo: mbu.
Alikaa kwenye kiti kile kile, nadhani alidhani
usingizi umewahi siku hiyo.
Mtutura akamwona kupitia kioo, akakimbilia ndani kumtoa.
Tukazika wawili.
Wa tatu mlangoni nilikuwa mimi, nikasimama.
Nilisimama, Chande. Nikafungua kila mlango, nikapiga yowe,
nikahesabu hadi hewa irudi kuwa hewa.
Mama yake Mtutura bado ananiuliza nilisimama kwa nini,
nami sina jibu zaidi ya hili ninalokufundisha.

Haya. Leo tuna pipa la lita thelathini,
la maabara, Upanga, ghorofa ya tano.
Utatangulia juu, ungoje mlangoni pa lifti.
Nitaliingiza, nitalining'iniza kibao: USIPANDE,
nitabonyeza tano, nitatoa mkono haraka.
Umeme ukikatika katikati, kama ulivyo mchezo wake,
likwame lenyewe huko,
lipumue gizani bila mtu.

Mimi na magoti yangu haya
tutakuja kwa ngazi.